Zana za Mchora Katuni na Mazoea ya Meza Yake

Kabla hajanunua hata kalamu moja, mchora katuni anapaswa kujua mchoro wake utamfikia msomaji ukiwa na upana gani. Katuni ya ukurasa wa maoni gazetini hupewa safu chache tu, na ile inayosomwa kwenye simu hupata nafasi isiyozidi upana wa vidole vinne. Mchoraji huinamia karatasi kubwa kwa saa nzima, akauona kila unywele alioutia kwenye kichwa cha mheshimiwa, lakini msomaji hupokea kitu cha kutazamwa kwa sekunde chache huku kidole kikijiandaa kufungua ukurasa unaofuata. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa kazi, kwenye kipimo cha kuchapishwa, ndipo urudi nyuma hadi kwenye penseli na karatasi, kwani karibu kila uamuzi unaohusu zana huzaliwa na kipimo hicho.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Siku moja nilichora umati wa waandamanaji, kila mmoja ameinua bango lenye maneno yake, na kwa kuwa nilitaka mabango yote yaenee, nikatumia kalamu nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo. Katuni ilichapishwa kwa upana wa sentimita 11. Mahali pa umati palikuwa na doa la kijivu, mabango manane hayakusomeka hata moja, na kichekesho chote kilikuwa humo kwenye mabango. Rafiki yangu aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimechora kichaka.

Kipimo kwanza

Chukua mfano wa nafasi yenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10. Mchoro wa karatasini uchorwe kwa ukubwa wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya hapo, yaani kwa upana wa sentimita 22.5 hadi 30. Mkono hupata nafasi ya kuzunguka bila kubanwa, na mchoro unapopunguzwa, mitetemo midogo ya mstari hupungua pamoja nao, hata mstari uliokuwa na wasiwasi ukaonekana umetulia. Kuzidi mara mbili sishauri, kwa sababu karatasi kubwa humshawishi mchoraji kujaza vitu, na kila alichokijaza humdai wakati wa kupunguza. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mstari wa milimita 0.3 ukipunguzwa nusu hubaki milimita 0.15, na kwenye karatasi ya gazeti, ambayo ni nyepesi na hunywa wino, mstari wa namna hiyo huanza kukatika au kupotea kabisa. Herufi kubwa zenye kimo cha milimita 4 hubaki milimita 2, na chini ya hapo msomaji huanza kukunja uso.

Ipo njia ya zamani ya kupata fremu kubwa yenye uwiano uleule bila kupiga hesabu. Chora mstatili wa kipimo halisi cha kuchapishwa kwenye pembe ya chini kushoto ya karatasi ya rasimu, weka rula kutoka pembe hiyo hadi pembe yake ya mkabala, kisha uendeleze mstari huo wa mshazari hadi ukingo wa karatasi. Nukta yoyote utakayoichagua juu ya mshazari, ukishusha kutoka hapo mstari wa wima na kuvuta mwingine wa ulalo, itakupa mstatili mkubwa unaolingana na ule mdogo kwa uwiano. Ule mdogo ukate kwa mkasi na uubandike ukutani mbele ya macho yako. Ni zana isiyo na gharama yoyote, nayo imenisahihisha mara nyingi kuliko kalamu zote nilizowahi kununua.

Penseli na karatasi

Penseli tunazotumia leo zinatokana na njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795, ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma tanuruni. Udongo ukizidi, ncha huwa ngumu na mstari huwa hafifu, ndizo penseli zenye alama ya H. Grafiti ikizidi, ncha huwa laini na nyeusi, ndizo zenye alama ya B. Mchora picha za kivuli huhitaji ngazi nyingi kati ya hizo, lakini mchora katuni ataifuta mistari yake yote ya penseli mwishoni, kwa hiyo anachopaswa kuogopa ni mambo mawili tu. Penseli ngumu kama 2H huchimba mfereji kwenye karatasi, na nibu ya wino ikipita juu ya mfereji huo hutumbukia na kwenda isikotakiwa. Penseli laini kama 3B humwaga unga ambao ubavu wa kiganja huusambaza hadi karatasi nzima ikawa kama imepitiwa na moshi. HB, iliyo katikati ya hizo, ikishikwa kwa mkono mwepesi inatosha kazi yote. Ukitaka kujua kama mkono wako ni mwepesi, geuza karatasi na upitishe kidole mgongoni mwake. Ukihisi mistari, unabonyeza mno.

Wachoraji wengi hupenda kuchora rasimu kwa penseli ya buluu hafifu, na desturi hiyo ina sababu yake. Filamu zilizotumika zamani kupigia picha kurasa za kuchapishwa zilikuwa nyepesi kuihisi rangi ya buluu, hivyo mstari wa buluu ulitoka mweupe kama vile haukuwepo, na mchoraji hakuwa na haja ya kufuta kitu. Filamu hizo zimepita, lakini faida imebaki, kwa kuwa programu ya kompyuta inaweza kuiondoa buluu peke yake na kuacha wino mweusi. Udhaifu wake ni kwamba penseli nyingi za rangi zina nta, na nta hukataa wino wa maji, kwa hiyo usiisugue mara nyingi mahali pamoja.

Kuhusu kifutio, kuwa na viwili: kimoja cheupe cha plastiki cha kusafishia baada ya wino, na kingine laini kinachofinyangika kama donge la udongo, ambacho hakisuguliwi bali hugandamizwa juu ya rasimu ili kuififisha kabla ya kuanza wino. Kosa la kawaida la anayeanza ni kufuta wino ukiwa bado na unyevu. Mstari unaong'aa ukiutazama kwa ubavu haujakauka. Subiri.

Karatasi ya kunakilia ya gramu 80 inafaa kwa rasimu na kwa kalamu za ncha ngumu, lakini wino wa nibu hutambaa ndani ya nyuzi zake na kuota mizizi pande zote mbili za mstari. Kwa kazi ya mwisho tafuta karatasi nene na laini ya gramu 200 hadi 300, ile inayojulikana kwa jina la Bristol ikiwa inapatikana. Aina yenye uso mlaini kabisa huifaa nibu, kwa sababu haina vinyweleo vya kunasa ncha. Yenye ukwaru kidogo huifaa brashi, ambayo huhitaji kitu cha kuishikia. Kabla ya kununua pakiti nzima, omba au nunua karatasi moja, chora juu yake mistari kumi kwa wino utakaoutumia, ufute nusu yake kwa kifutio cheupe, kisha uitazame kwa kioo cha kukuza. Mizizi na vinyweleo vilivyonyanyuka vitakueleza mengi kuliko maandishi ya kwenye jalada.

Mstari wa wino

Hapa ndipo kazi ilipo. Mstari wa katuni unaweza kupigwa kwa zana za aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni kalamu ya ncha nyembamba yenye wino wake ndani. Kampuni ya Sakura ilitoa wino wa Pigma mwaka 1982, wino wenye chembe za rangi usiofifia haraka wala kuyeyushwa na maji, na kalamu za namna hiyo zikaenea kwenye meza za wachoraji. Namba zake zisikuhadae: katika kalamu za kampuni hiyo ziitwazo Micron, namba 01 hutoa mstari wa milimita 0.25, namba 05 milimita 0.45, na namba 08 milimita 0.5. Kwa mchoro utakaopunguzwa nusu, anza na 08 kwa mistari ya nje na 05 kwa ya ndani, na 01 iache kwenye droo. Kalamu hizi ni tulivu, hazimwagi, na zinafaa sana kwa herufi na fremu. Lakini unene wa mstari wake haubadiliki, na mtu aliyechorwa kwa mstari usiobadilika hufanana na ramani ya mtu.

Ya pili ni nibu ya chuma inayochovywa. Nibu mpya hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta ili isishike kutu, na mafuta hayo huukataa wino. Isugue kwa dawa ya meno kidogo, uisuuze na kuikausha kabla ya kuitumia mara ya kwanza. Chovya hadi nusu ya kitundu kilicho mgongoni mwake, si zaidi, kisha gusisha ubavu wake kwenye mdomo wa chupa ili tone la ziada lianguke. Nibu huvutwa, haisukumwi. Ukiisukuma, hukwama kwenye karatasi na kurusha matone kama mtu aliyepiga chafya.

Tuchukue shavu la mtu mnene, ambalo ni somo zuri kuliko mazoezi mengi ya vitabuni. Anza chini ya sikio kwa mguso mwepesi na uvute ukishuka. Mahali shavu linapoanza kujaa, bonyeza polepole ili meno mawili ya nibu yafunguke na mstari unenepe. Ukikaribia kidevu, legeza mkono ili mstari umalizike ukiwa mwembamba kama ulivyoanza. Mstari huo mmoja umekwisha kueleza uzito wa nyama, upande wa kivuli na mviringo wa uso, bila kuhitaji mistari mikatano ya kujazia. Uchore mara ishirini kwenye karatasi ya majaribio kabla ya kuuchora kwenye kazi. Geuza karatasi ili mkono uvute upande ulioupenda, badala ya kupinda kifundo, na mistari mirefu uitoe begani huku ukishusha pumzi.

Nibu humzoea mtu na mtu huizoea nibu. Mmarekani Charles Schulz, aliyechora mfululizo wake wa katuni wa kila siku, Peanuts, kuanzia mwaka 1950 hadi 2000, alitumia nibu ya Esterbrook 914, na ilipoacha kutengenezwa alinunua akiba iliyobaki ili asije akalazimika kujifunza nyingine. Sidhani kama kila mtu anahitaji kwenda mbali hivyo, lakini ukipata nibu inayokubaliana na mkono wako, nunua kumi.

Ya tatu ni brashi, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo yenye mstari ulio hai kuliko yote. Brashi bora za wino hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa mnyama wa jamii ya kicheche aitwaye kolinsky; maarufu kati yake ni Series 7 ya Winsor & Newton, ambayo historia yake huanzia mwaka 1866, Malkia Victoria wa Uingereza alipoagiza brashi bora kuliko zote ambazo kampuni hiyo ingeweza kutengeneza. Namba 2 au 3 inatosha. Dukani, omba maji, ichovye na uikung'ute mara moja kwa kifundo cha mkono. Brashi nzuri hujikusanya yenyewe ikawa na ncha moja kali, na mbovu hupasuka ncha mbili. Anayeanza anaweza kutumia kalamu-brashi ya nyuzi za nailoni yenye mrija wa wino, ambayo haina ulaini huo lakini haihitaji matunzo mengi.

Matunzo ndiyo yanayoamua umri wa brashi. Wino usipande hadi kwenye bati linaloshika manyoya, maana ukikaukia humo hutanua manyoya na ncha haitarudi tena. Isuuze kwenye maji kila baada ya dakika chache hata kama kazi imenoga, na mwisho wa kazi ioshe kwa sabuni na maji ya baridi au ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto hulegeza gundi iliyo ndani ya bati. Itengeneze ncha kwa vidole na uilaze, au uisimamishe manyoya yakiwa juu. Brashi iliyoachwa imesimama kwa manyoya ndani ya kikombe cha maji usiku mmoja hupinda kama mkia wa paka, na haina dawa.

Wino wenyewe uwe mweusi, wenye masizi, usioyeyushwa na maji baada ya kukauka. Ule unaoitwa wino wa India hutiwa gundi, mara nyingi ya sheleki, na kwa ajili hiyo usiutie kamwe kwenye kalamu ya kujaza wino, kwani utaganda ndani na kuiziba moja kwa moja. Mimina kiasi kidogo kwenye kichupa kifupi chenye kitako kipana, ukibandike mezani kwa utepe upande wa mkono unaochorea, na chupa kubwa uifunge na kuiweka mbali. Nimepoteza michoro miwili iliyokwisha kamilika kwa sababu ya kiwiko.

Uzoefu wangu ni kwamba anayeanza asinunue zana zote hizi kwa pamoja. Kalamu moja ya namba 08 na kalamu-brashi moja zinatosha miezi sita ya kwanza. Nibu ifuate, na brashi ya manyoya ije mkono ukishajua unachokitaka. Sanduku lililojaa kalamu humfanya mtu abadilishe zana kila anapochora vibaya, na hivyo hajui kamwe kosa lilikuwa la nani.

Baada ya mistari huja sehemu za weusi mtupu: koti, kivuli chini ya meza, nywele, mlango ulio wazi. Jicho huenda kwanza mahali ambapo weusi na weupe vinagongana, kwa hiyo weusi uwekwe pale unapotaka msomaji atazame, wala usitawanywe kwa haki sawa kila upande. Simama, rudi hatua tatu nyuma, fumba macho nusu. Ukiona bado unaweza kutofautisha mtu na ukuta ulio nyuma yake, mchoro utavumilia kupunguzwa. Makosa hufunikwa kwa rangi nyeupe nzito ya maji, na kosa likiwa kubwa kuliko sarafu ni heri kuchora kipande hicho upya kwenye karatasi nyingine na kukibandika juu yake. Mtambo wa uchapaji hauoni kiraka.

Kutoka wazo hadi rasimu

Zana haziokoi katuni isiyo na wazo, na wazo lina mazoea yake. Kila kazi ianzie kwenye michoro midogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti, kumi au kumi na mitano kwa mfululizo, bila kufuta. Ile mitatu ya kwanza huwa ndiyo aliyoifikiria kila mtu asubuhi hiyo, na wachoraji wengine watano huenda wanaichora saa ileile. Endelea hadi ya nane au ya tisa, ambapo akili iliyoishiwa na njia rahisi hulazimika kutafuta nyingine. Udogo wa kiberiti una kazi yake: kichekesho kisichoeleweka katika ukubwa huo hakitaeleweka kwenye simu.

Ukishachagua mchoro mmoja, mwoneshe mtu asiyejua ulichokuwa ukifikiria, na usimweleze lolote. Swali liwe "Unaona nini hapa?" Ukimuuliza kama ameupenda, atakujibu kwa adabu, na adabu haina msaada katika kazi hii. Akisitasita kumtambua mhusika, ama kikaragosi chako hakijafanana naye ama umechora watu wengi mno. Ninapochora kikaragosi hukusanya picha zisizopungua sita za mtu yuleyule, za mbele, za ubavuni, anapocheka na anapokasirika, huzichora zote upesi, kisha huzifunika na kuchora kwa kumbukumbu peke yake. Kumbukumbu husahau vitu vya kawaida na kubaki na kile kinachomtofautisha mtu huyo na wengine, nacho ndicho cha kukuzwa.

Maneno yaandikwe kabla ya watu kuchorwa. Anayeanza huchora kwanza, kisha huanza kutafuta mahali pa kupenyeza herufi, na matokeo yake ni kiputo cha maneno kilichobanwa pembeni huku herufi za mwisho zikipanda ukutani. Piga mistari miwili hafifu ya kulinganisha kimo cha herufi, andika maneno, ndipo uchore kiputo kuyazunguka ukiacha hewa ya kutosha. Kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, mhusika anayeanza kusema akae kushoto, au kiputo chake kiwe juu zaidi. Ukikosea hapo, jibu litasomwa kabla ya swali na kichekesho kitakufa. Mimi nimejiwekea kikomo cha maneno ishirini na tano kwa fremu moja, na ninapokaribia kikomo hicho hujua kwamba mchoro haujafanya kazi yake.

Kabla ya kutia wino, geuza karatasi na uishike mbele ya dirisha au juu ya sanduku la mwanga. Ukiitazama kwa nyuma, mchoro uliouzoea unakuwa mgeni, na macho yasiyo na ulinganifu, meza iliyoinama na mguu ulio mrefu kuliko mwenzake hujitokeza vyenyewe. Rekebisha wakati bado ni penseli. Wakati wa wino, anayetumia mkono wa kulia aanzie juu kushoto akishuka kuelekea kulia, na wa kushoto afanye kinyume, huku kipande cha karatasi safi kikiwa chini ya kiganja. Taa nayo ikae upande usio wa mkono unaochora ili kivuli cha mkono kisifunike ncha.

Saa zihesabiwe kutoka mwisho. Ikiwa katuni inatakiwa saa 10 jioni, na kuskani pamoja na rangi huchukua saa moja na nusu, wino saa mbili na penseli saa moja, basi penseli ianze saa 5:30 asubuhi, na kwa kuwa siku haikosi mkasa wake, wazo liwe limeamuliwa saa 5 kamili. Mchoraji anayelipa wazo muda wote wa asubuhi na kuharakisha wino anaweza kunusurika. Anayefanya kinyume chake hutoa mchoro maridadi usio na maana, na huo ndio wenye kuchosha zaidi kuutazama.

Skana na kishikwambi

Mchoro wa wino uskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi. Upana wa sentimita 30 ni takriban inchi 11.8, kwa hiyo faili litakuwa na pikseli zipatazo 7,080, na likichapishwa kwa sentimita 15 kila inchi itapata nukta 1,200, ambazo zinatosha kabisa kwa mstari mweusi. Skani kwa kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tu, halafu kwenye programu usogeze viwango vya mwanga hadi karatasi iwe nyeupe kweli na wino uwe mweusi kweli. Karatasi ikiwa kubwa kuliko skana, skani vipande viwili vinavyopishana kidogo na uviunganishe.

Ndani ya programu, rangi iwekwe kwenye tabaka lake, mfano wa karatasi angavu, chini ya tabaka la mistari, ili kubadili shati la mtu kusiguse mstari hata mmoja. Kwa kazi ya kuchapishwa, ipo hitilafu ambayo wengi huiona gazetini bila kujua chanzo chake: mistari yenye ukungu wa rangi pembeni. Mtambo wa uchapaji hutumia wino wa rangi nne, nao mstari mweusi ukitengenezwa kwa mchanganyiko wa zote nne, karatasi ikisogea hata kidogo rangi hazikutani tena mahali pamoja. Mistari na herufi zote ziwe za wino mweusi peke yake kwa asilimia 100, na rangi nyingine ziwe sifuri.

Anayechora moja kwa moja kwenye kishikwambi ana programu za kutosha. Krita hutolewa bure, Procreate hufanya kazi kwenye iPad, na Clip Studio Paint ina zana nyingi za fremu na viputo. Uhuru wa kufuta bila alama ni mkubwa, lakini kioo kina mtego wake, nao ni kukuza. Mtu hukuza jicho la mhusika hadi likajaa kioo kizima, akatumia nusu saa kuchora kope, na akirudi kwenye ukubwa halisi hakuti kope wala jicho. Fungua dirisha la pili linaloonesha mchoro kwa kipimo cha kuchapishwa na uliache wazi muda wote, kwa sababu ndilo kile kipande cha karatasi ukutani katika sura nyingine. Brashi nazo, kati ya mamia yaliyomo, chagua tatu na usizibadilishe mwaka mzima: moja ya penseli, moja ya mstari, moja ya kujazia.

Mwili nao ni zana. Meza iinuliwe upande wa mbali ili karatasi ije kwako badala ya shingo kwenda kwake, kalamu isibanwe hadi vidole viwe vyeupe, na kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali kwa mita 6 hivi kwa muda wa sekunde 20. Maumivu ya kidole gumba au kifundo yakiendelea hadi kesho yake, pumzisha mkono na umwone daktari mapema, usingoje mkono ukatae kazi.

Kazi ikishatumwa, faili la asili lenye matabaka yake lihifadhiwe mahali pawili tofauti, jina lake likianza na mwaka, mwezi na siku ili mafaili yajipange yenyewe. Mchoro wa karatasi ulazwe bapa ndani ya bahasha kubwa, mbali na jua na unyevu, bila kukunjwa. Nyuma yake andika tarehe na mahali ulipochapishwa, kwa penseli laini na kwa mkono mwepesi, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida baada ya miaka michache hupenya na kutokea upande wa pili, katikati ya uso wa mtu.